Picha za Ukutani na Ukumbusho wa Mji Wetu



Tumeulizwa mara nyingi, hasa na vijana wa Bongonga, wa Kigoma na wa Bel-Air, kama yafaa kuta za mitaa yetu ya Kampemba zichorwe picha za historia ya mji. Wamesikia ya kuwa katika miji mingine watu wa mtaa hukusanyika, wakachagua ukuta mrefu, wakachora humo mambo ya wazee wao, na mtaa ukapendeza. Wazee wengine nao wametuuliza jambo lile lile kwa mashaka: je, fedha ya rangi haingefaa zaidi kununulia mabati ya masomo? Swali hili halitaki jibu la haraka, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kupendeza kwa mtaa. La pili ni kukumbuka. Ukuta waweza kupendeza bila kukumbuka neno lo lote, na waweza kukumbuka bila kupendeza hata kidogo. Tutazitazama kwanza picha zilizokwisha kuchorwa katika Katanga yetu, maana nchi hii ina ya kufundisha katika kazi hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Halafu tutasema mawazo yetu juu ya kuta za Kampemba.

Juu ya kupendeza hatuna maneno mengi. Kampemba ni komini ya viwanda, ya maghala, ya reli na ya malori. Mtaa wetu mmoja waitwa Hewa Bora, na aliyepita huko mwezi wa nane, upepo ukivuma, ajua kwamba jina ni jambo moja na vumbi ni jingine. Ukuta uliopakwa chokaa vizuri ni faraja kwa macho, na mara nyingi mtu mwenye ukuta safi hufagia hata njia iliyo mbele ya lupango lake. Hatulidharau jambo hili. Lakini wafanya biashara wametutangulia. Nyumba ngapi zimepakwa rangi za pombe au za simu, tangu msingi mpaka paa, na mwenye nyumba akashukuru kwa kuwa amepata rangi bure? Kama shida yetu ingekuwa rangi tu, basi ingekwisha zamani.

Habari ya picha za kutani katika Katanga haikuanza juzi. Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya Wabeljiki, Georges Thiry, alikuwa Bukama, pale reli ifikapo mto Lualaba, akaona nyumba za udongo zenye picha kutani. Aliyezichora ni Albert Lubaki, fundi wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, naye Lubaki akaanza kuchora juu ya karatasi. Mke wake Antoinette alichora vilevile. Mwaka 1929 karatasi hizo zikaonyeshwa Brussels, mwaka 1930 Genève, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Mpaka leo zatunzwa na kuonyeshwa. Mwaka 2015 zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya picha za Kongo. Zile za kutani zilikwenda na mvua.

Wengi wakisikia habari hiyo husikitika kwa ajili ya mvua. Sisi twasikitika kwa ajili ya jambo jingine. Nyumba ya udongo hupakwa upya, na picha yake huchorwa upya. Hiyo ni desturi, wala si hasara. Lakini picha ilipotoka ukutani ikaingia katika karatasi, ilibadilisha watu wake. Ukutani ilitazamwa na jirani, na mwanamke aliyepita na ndoo, na mtoto aliyemjua mwenye nyumba. Katika karatasi ikatazamwa na mnunuzi asiyejua Bukama iko wapi. Kwa hiyo, mtu atakapoleta fedha kutoka mbali na kusema kwamba anataka kupamba mtaa wetu, swali letu la kwanza liwe hili: picha hii itachorwa kwa macho ya nani?

Miaka 20 baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake hapa mjini, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville. Ikaitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwapa rangi akawaacha watafute njia yao wenyewe. Wakatoka humo mafundi hodari. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege ambao hata leo ukiwatazama wadhani wanapumua. Bela alipaka kwa vidole vyake bila brashi. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi, kama mtu asukaye mkeka. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini jina la karakana yake halijafa.

Picha hizo twazipenda. Amsifuye kiumbe kwa mkono mwema amsifu Muumba. Walakini, mtafute mji ndani yake. Litafute bomba kubwa la moshi, uitafute kambi ya wafanya kazi, umtafute karani, askari, padre, mama wa sokoni. Hawamo. Karakana ilifunguliwa miaka mitano tu baada ya risasi za mwaka 1941, ambazo tutazisema chini, na samaki waliogelea kana kwamba hapakutokea kitu. Hatumlaumu Pilipili. Lakini leo mtu akisema, tuchore ukutani mambo mazuri ya wazee wetu, ngoma, swala, mwanamke mwenye mtungi, sisi twawatambua samaki wale wale, ila safari hii wamechorwa na mkono usio wa Pilipili.

Tukija kwa Tshibumba Kanda Matulu, mambo yageuka. Huyu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha zake kwa bei ndogo, kwa watu wa kazi wala si kwa matajiri. Wakati ule, katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanya kazi wa Gécamines na wa reli zilikuwa na picha moja au mbili katika chumba cha wageni: mamba muntu, yaani yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au simba, au ile picha iliyoitwa Colonie belge. Watu waliziita ukumbusho.

Hii Colonie belge twaomba msomaji aisimamie kidogo. Nyuma pana jengo la gereza, na bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti. Mbele, mfungwa amelazwa chini, na askari ampiga fimbo. Mzungu amesimama, kofia kichwani, kiko mdomoni, atazama. Wafungwa wengine, katika nguo zao za milia, wako kazini. Kando wanawake wamekuja na chakula, na mmoja alia. Tshibumba hakuwa peke yake kuichora. Mafundi wengi wa Katanga waliichora, kila mmoja akaongeza kitu chake.

Picha hiyo haipendezi. Haipambi nyumba. Hata hivyo mtu wa kazi aliinunua kwa mshahara wake, akaitundika mahali wanapoketi wageni. Kwa nini? Kwa sababu picha hiyo ilikuwa na kazi. Mgeni alipoketi akaitazama, baba mwenye nyumba alianza kusimulia. Mtoto aliyepita akauliza. Na jambo ambalo halikuandikwa katika kitabu cha masomo likaingia kichwani mwake. Wakristo watakumbuka mawe 12 ambayo Yosua aliamuru yatolewe katika mto Yordani. Maandiko hayasemi kwamba yalikuwa mazuri. Yaliwekwa ili watoto wa kesho waulize maana yake, na baba zao wapate nafasi ya kujibu. Na Papa Gregori Mkuu, karibu na mwaka 600, alipomwandikia Askofu Serenus wa Marseille aliyevunja picha za kanisani, alimwonya kwamba picha ni kitabu cha wasiojua kusoma. Wengi hulikumbuka neno hilo la Gregori, lakini husahau kwamba kitabu kisicho na mtu wa kukisomea wengine ni karatasi tu. Picha yataka msimulizi kando yake.

Kuna jambo la pili katika Colonie belge, nalo ni zito zaidi. Anayepiga si Mzungu. Ni askari, mwenzetu, ngozi yake kama ya yule aliyelala chini. Fundi angeweza kumpa Mzungu fimbo mkononi, na kila mtu angeridhika, kwa maana adui angekuwa mgeni na shauri lingekwisha. Hakufanya hivyo. Alichora kama ilivyokuwa: mmoja aamuru, mwenzetu apiga, mwenzetu apigwa, na dada zetu walia. Aliyeinunua picha hii alijitundikia ukutani swali linalomhusu yeye na jamaa yake. Kwa hiyo twaiona kuwa picha ya kweli. Na twadhani kwamba ukuta wo wote wa mtaa usiothubutu kufika hapo utabaki pambo, hata ukiandikwa HISTORIA YETU kwa herufi kubwa.

Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, Johannes Fabian, alikutana na Tshibumba, na Tshibumba akaanza kumchorea historia yote ya nchi, tangu wazee wa kale mpaka siku zile. Hata mwisho wa mwaka 1974 zilifika picha 101. Kwa kila moja alisimulia habari yake kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki chetu cha Katanga, na maneno yakashikwa katika kanda. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Humo mna Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891; mna Simon Kimbangu mbele ya mahakama; mna siku ya 30 Juni 1960; mna vita vya Katanga. Mna pia wafanya kazi wa Union Minière, ambao mwezi wa Desemba 1941, vyakula vikiwa vimepanda bei kwa sababu ya vita, waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira. Walikufa makumi ya watu, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba yao. Leo picha hizo zimo katika nyumba ya makumbusho ya Amsterdam, Uholanzi, mbali sana na uwanja ule. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tusimsifu kupita kiasi. Katika habari kadhaa alichanganya aliyoyasoma na aliyoyasikia kwa watu, na mwalimu wa historia angemsahihisha. Kosa ambalo sisi twaliona zaidi ni wanawake. Katika historia yake wanawake ni wachache mno, na waliomo wengi walia au wabeba chakula. Je, hiyo ndiyo historia ya mji huu? Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulipoporomoka, na Gécamines ikaanguka pamoja nao, mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Hata mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 wakaondoshwa kazini kwa malipo ya mara moja. Bukari ya usiku ilitoka wapi miaka ile? Ilitoka kwa mama aliyepanda lori kwenda Kasumbalesa kuchukua unga, kwa mama aliyeuza makaa na mafuta ya mawese barabarani, kwa binti aliyeacha masomo ili akae mezani sokoni. Ye yote aliyekulia Kampemba aijua habari hiyo. Basi ukuta ukionyesha bomba la moshi, na shaba, na mwanamume mwenye kofia ya mgodi, na kisha ukanyamaza, utakuwa umesema nusu ya kweli.

Tumefika mahali ambapo Wakristo wengi watatusubiri. Tshibumba alipochora kifo cha Patrice Lumumba, aliweka misalaba mitatu nyuma yake. Je, ni kufuru? Mapadre wengine wangesema ndiyo, bila kufikiri mara mbili. Sisi hatusemi hivyo. Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika pori letu hili, pale Shilatembo. Watu watatu waliouawa usiku bila hukumu, na miili yao ikaharibiwa ili wasipate hata kaburi. Mwezi wa Juni 2022 jino lake, ndilo pekee lililobaki, lilirudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa huku kabla ya kuzikwa Kinshasa. Fundi aliyelelewa katika mji wa misioni, akitaka kusema kwamba mtu ameuawa bila haki, angetumia alama gani nyingine? Msalaba ndiyo alama aliyoijua, na ambayo wanunuzi wake waliijua. Kwamba watu wetu wanapoona mauaji ya mtu asiye na mtetezi wafikiri mara moja Kalvario, sisi twaona kwamba katekisimu haikufundishwa bure.

Lakini twakataa hatua inayofuata. Yesu Kristu alikufa kwa ajili ya wote, hata kwa ajili ya wale waliompigilia misumari. Mtu wa siasa, hata akifa kwa uonevu, hafi kwa ajili ya adui zake. Mchoraji akimvika nuru ya Mkombozi, atakuwa amewaambia nusu ya mtaa kwamba baba zao walikuwa wakina Yuda. Na katika Katanga jambo hili si la vitabu tu. Katika nyumba moja ya Kampemba Lumumba ni shujaa. Katika nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, shujaa ni Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960 akafa katika kifungo Aljeria mwaka 1969. Kwa hiyo twasema: katika chumba cha wageni, mtu atundike apendavyo, naye mgeni aweza kubishana naye. Ukuta wa njia ni wa wote, na asiyeupenda hawezi kuugeuza uso wake kila siku aendapo sokoni.

Hapa twaomba kuwachukua wasomaji mbali kidogo, mpaka Murang'a katika nchi ya Kenya, kwa sababu huko waliwahi kupambana na shida hii hii. Katika siku za vita vya Mau Mau, Waanglikana walijenga hapo kanisa la ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kuwa walikataa kula kiapo. Kijana mmoja Mchagga kutoka Tanganyika, Elimo Njau, akachora ndani yake picha tano kubwa za ukutani, akazimaliza mwaka 1959: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, Mateso ya Gethsemani, na Msalaba. Watu wote katika picha hizo ni Waafrika, na milima nyuma yao ni milima ya Wakikuyu yenyewe.

Tazameni alichokifanya. Angeweza kuchora wauaji wakiingia usiku na mapanga. Watu wangelia, na chuki ingepata chakula kwa miaka mia. Angeweza pia kuchora maua. Alichora mateso ya Kristu juu ya ardhi ile ile iliyonywa damu, na kila mwenye kufiwa aliweza kumwona wake humo. Lakini tuseme na upande wa pili, maana uhakiki usio na upande wa pili ni sifa tu: waliokufa msituni, na waliokufa katika kambi za Waingereza, kanisa lile halikujengwa kwa ajili yao, na mama zao nao walikuwa Wakikuyu. Picha za Njau ni pana kuliko jengo lililozibeba. Mama wa mpiganaji wa msituni akisimama mbele ya Msalaba ule, hakuna mstari wo wote uliochorwa wa kumfukuza.

Turudi kwetu. Wanaotaka kuta za furaha wana sababu yao: wasema kwamba maskini ana huzuni ya kutosha nyumbani, kwa nini tumwongezee njiani? Twawaelewa. Hata sisi twataka ngoma ukutani, na mpira, na harusi. Mji huu ulicheza sana, na kucheza ni historia pia. Lakini tuwaulize: mwaka 1992 na mwaka 1993 mtauweka wapi? Katika miaka hiyo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Wengi walizaliwa huku. Wengine babu zao waliletwa na Union Minière yenyewe kuchimba shaba. Walilala katika vituo vya Likasi na Kolwezi, juu ya mizigo yao, wakingoja gari la moshi lisilofika, na watoto wakafa hapo kituoni. Wala waliowafukuza hawakutoka nchi ya mbali. Walikuwa jirani, na, tuseme wazi kwa kuwa hii ni gazeti la Wakristo, wengi wao walikuwa wabatizwa.

Leo watoto wa pande zote mbili wakaa benchi moja katika masomo ya Kampemba, na wengi hawajui neno lo lote la habari hiyo. Wengine wajua nusu, ile nusu iliyosemwa jikoni kwa sauti ndogo, nayo ndiyo hatari zaidi. Kuna wasemao: acheni kidonda kilale. Sisi hatuoni kwamba kimelala. Kila ukaribiapo uchaguzi, yuko mtu wa kukigusa kwa kidole. Waandishi wa Injili hawakuficha kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu, tena waliandika wakati watu walimheshimu Petro kama mkubwa wao. Mathayo alipotaja ukoo wa Yesu hakumruka Tamari wala mke wa Uria. Kama Maandiko Matakatifu hayakuona haya kutaja aibu za nyumba ya Mungu, mtaa wa Kampemba hauna sababu ya kuona haya zaidi. Na Kanisa lenyewe lisijifiche nyuma ya mchoraji: misioni ilileta masomo na hospitali, na iwekwe ukutani, misioni ilikaa pia karibu sana na Serikali na Kampuni, na wazee walijua hilo vizuri.

Ila namna ya kuchora ina neno. Kwa mwaka 1992 twashauri ichorwe reli, na kituo, na mizigo, na mtoto aliyelala juu ya godoro lililofungwa kamba. Ichorwe pia ile nyumba iliyofungua mlango usiku, maana wako jirani waliowaficha jirani zao, na wazee wetu wawajua. Uso wa mkubwa aliyechochea usichorwe, wala jina lake, wala bendera ya chama. Katika Colonie belge askari hana jina, Mzungu hana jina, na hiyo ndiyo sababu picha yao haikuchakaa baada ya wenyewe kufa. Mwenye jina hupata watetezi. Wataanza kubishana juu yake, na yule mtoto wa kituoni atasahauliwa tena.

Juu ya ukuta wa kanisa twatofautisha. Ndani yawe mambo ya imani, kwa mtindo wa watu wetu kama wapendavyo, maana Mtaguso wa Vatikano, katika mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake. Ukuta wa nje, ule wa uzio utazamao njia, parokia yaweza kuutoa kwa historia ya mtaa, na twadhani ingefaa itangulie, kwa kuwa padre hauzi ukuta wake kwa wenye pombe. Kwa wale wazee wa mabati twajibu hivi: mabati kwanza, kama darasa lavuja. Lakini chokaa si ghali, na kazi kubwa ya ukumbusho haihitaji fedha.

Kazi hiyo ni kusikiliza. Mwaka 2000 waalimu wa historia wa chuo kikuu chetu, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walianza kukusanya kumbukumbu za watu wa Lubumbashi, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakaomba hata vitu vya kawaida vya nyumbani ili vionyeshwe kwenye makumbusho ya mji. Mtaa waweza kufanya hivyo kwa kadiri yake. Kabla ya brashi kugusa ukuta, vijana wakae na wazee kumi, wanawake watano na wanaume watano, wa makabila mbalimbali, waandike wanayosikia. Pale wazee wanapopingana, wasichague mshindi, bali watafute kitu ambacho wote wawili walikiona. Mchoraji alipwe, hata kama ni mwana wa mtaa. Na mwishoni mwa ukuta ibakizwe mita moja bila picha.

Ukuta wenyewe uwe wenye msingi mkavu na paa lililotokeza kidogo, la sivyo chumvi ya udongo itapanda na rangi itabanduka kabla ya mwaka kuisha. Kwanza chokaa mara mbili, halafu kungoja kukauka, ndipo rangi. Mvua zetu huisha mwezi wa nne. Wenye kutaka kuanza mwezi wa tano, wazee wa kusikilizwa wako nyumbani tangu sasa, na wengine wao ni wagonjwa.